Hina Niliyokufungashia

Zena mwanangu,

Najua barua hii utaipata kabla basi halijafika Pakwach, kwa sababu nimeiweka chini ya gurusa, mikate yako ya njiani, na njaa yako naijua. Kula kwanza, halafu soma. Yale ya kufunga mlango, kulala ndani ya neti na kutompa mtu usiyemjua simu yako, hayamo humu. Umeyasikia kwangu tangu unaota meno, na najua yanavyoingia sikio hili yakatokea lile.

Umekwenda kumuaga shangazi yako Asha, na dada wa baba yako hamwachii mgeni mpaka sinia liwe tupu, kwa hiyo nina nafasi. Kinubi chetu tunakisema tu, kukiandika sijui. Nakuandikia Kiswahili nilichosomea Nairobi kwa mama mdogo, miaka ile watu wetu walipotawanyika. Ukikutana na kosa, cheka peke yako, usinitumie masahihisho.

Nataka kujibu swali uliloniuliza juzi. Ulisimama kwenye mlango wa jiko umeshika ndoo, ukaona nyayo zangu zimepakwa hina tena, nyeusi mpaka kwenye ncha za vidole. Ndoo uliiweka chini polepole. Hilo ndilo lililoniogopesha, maana wewe ukikasirika kidogo hupiga kelele.

"Mama, daktari alisema nini?"

"Nilisikia alichosema."

"Sasa hii iko nini? Wewe unataka kufa na miguu mizuri?"

Nikakujibu kwamba hujaolewa, hujui kitu. Lilikuwa jibu la ovyo na nililijua ni la ovyo likiwa bado mdomoni. Ukaingia ndani, nikasikia zipu ya begi. Ulikuwa unatoa nguo, moja moja, unazirudisha sandukuni. Nafasi ya kwenda Kampala kusomea magonjwa ya ngozi, ambayo umeililia tangu uanze unesi, ulikuwa unaiacha kwa sababu ya wayo wa mama yako. Tangu hapo tumekaa humu ndani kama wapangaji wawili: salamu, chai, basi. Jana nilizikunja nguo zako nikazirudisha begini. Uliniona, ukapita. Leo nasema mimi.

Wewe unadhani uliligundua doa langu siku ile uliporudi mapumziko kutoka kituo chenu cha afya upande wa Dranya, ukanikuta nimelala kwenye mkeka. Hapana. Mimi nililiona kabla yako. Hina ilikuwa imeanza kupauka, nikakaa juani niikague kama ninavyokagua miguu ya maharusi, na pale karibu na kisigino palikuwa na sehemu moja haikupauka pamoja na nyingine. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni piko, ile rangi nyeusi tunayochanganya na hina, imenyonya kupita kiasi. Nimepaka miguu ya maharusi wa Koboko hii na Arua mpaka mgongo umepinda, nikajiambia, Hawa, safari hii ulikoroga vibaya. Basi nikakoroga nyingine, nzito zaidi, nikapaka wayo mzima ili rangi ilingane. Nikasahau. Kisha ikapauka tena, na pale pakabaki peusi, na mimi nikapaka tena. Fundi wa hina alikuwa anarekebisha kazi yake, Zena. Nilijivunia jinsi nyayo zangu zilivyolingana.

Kwa hiyo ulipoushika mguu wangu siku ile ukaniamsha, ukauliza, "Mama, hii iko nini hapa chini?" nami nikasema, "Iko hina tu," sikuwa nakudanganya. Niliamini.

Ukanitoa nje kwenye mwanga ukaanza kupiga picha. Ukasema siku hizi pale kituoni mnampigia mgonjwa picha ya ngozi, mnaituma kwa daktari wa ngozi, na anajibu. Nilicheka. Jibu likaja maharage yakiwa hayajaiva: anataka picha nyingine, iwe ya mchana, bila kivuli cha mkono, sarafu iwekwe pembeni ajue ukubwa, moja ya karibu na moja ya mbali, na je, lina muda gani, na je, limewahi kutoa damu. Nilikwambia hata mchumba haombi picha nyingi hivyo. Ulicheka mpaka sarafu ikaanguka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho kabla ya jibu la pili.

Jibu la pili lilikuwa fupi. Picha haimtoshi, mama aje Arua amwone mwenyewe.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na hoja, hata leo nasema ilikuwa na hoja. Kama simu inaona, naitwa ya nini? Na kama haioni, tumehangaika nayo ya nini, nimekaa juani nimenyoosha mguu kama kuku wa kunyonyolewa, majirani wanachungulia? Ukanieleza kwa upole, na siku hiyo niliona utakuwa mtu wa maana katika kazi yako. Ukanikumbusha yule mama wa Dranya aliyeleta mtoto mwenye vidonda vya kichwa. Mlituma picha, jibu likaja siku ileile, mtoto akapata dawa na nywele zikaota, na mama yake hakupanda gari wala hakuacha shamba lake la muhogo. Ukasema, "Simu haitibu kila mutu, mama. Simu inasema nani abaki nyumbani na nani aende haraka. Wewe wamesema uende."

Nilikwenda, kwa sababu ya ile "haraka" uliyoitamka ukiangalia chini.

Nikwambie kitu kuhusu siku ile ya Arua ambacho sikukwambia, ingawa ulikuwa umekaa nami kwenye benchi. Tulisubiri sana, unakumbuka, foleni imejaa watu wamejifunika kanga na mashati, kila mmoja anaficha chake. Nilipoingia ndani wewe ulibaki nje, nesi akaja kusimama nami. Daktari ni kijana, angeweza kuwa kaka yako. Aliuchukua mguu wangu akauweka juu ya goti lake. Hakuvaa uso wa kuchukizwa. Akaweka kile kioo chake chenye taa, akatazama, akatazama, akakiweka chini.

"Mama, hapa mimi naona hina. Ngozi yako sijaona bado."

Nilitaka kucheka. Safari yote ile, na yeye kashindwa palepale iliposhindwa simu! Lakini hakuniachia mguu. Akabonyeza kuzunguka lile doa kwa kidole gumba, akauliza kama linauma. Akapapasa nyuma ya goti, kisha nesi akanishikia nguo naye akanipapasa kwenye kinena, akitafuta mtoki. Akasema hajaupata, na huo ni mwanzo mzuri. Hayo simu yako isingeyafanya hata ungenipiga picha mpaka chaji iishe. Kisha, mguu ukiwa bado gotini kwake, akauliza anachomuuliza kila mtu, nafikiri, bila nia mbaya:

"Mzee yuko nyumbani?"

Nikasema, "Yuko safari."

"Anarudi lini?"

Zena, nilianza kuhesabu vidole vya mguu wangu pale gotini kwake. Nesi akaangalia dirishani. Yule kijana akasubiri kidogo, akaona, akaacha. Akanieleza mambo yake polepole. Doa linaweza kuwa doa tu, linaweza kuwa kansa ya ngozi, hataki kukisia. Nisilikwangue kwa jiwe. Niache hina ipauke yenyewe, nisiguse tena, nirudi mara tu itakapokwisha, alione lote mpaka kingo zake, akate kipande kidogo kikapimwe. Akasema tusikawie. Nikasema ndiyo, daktari. Nilisema kweli kabisa nilipokuwa nasema.

Sasa nakuja kwenye jibu lako.

Baba yako alipokuwa akirudi safari, hakuwa anatazama uso wangu kwanza. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unamkimbilia mifukoni, hukuona. Alikuwa akisimama pale mlangoni na vumbi lake lote la Yei na Juba, kofia mkononi, anatazama miguu yangu. Akiona hina mpya anacheka, anasema, "Hawa, ulijua nakuja." Nilikuwa najua, maana madereva wenzake walikuwa wakipitisha habari, Khamis kavuka mpaka wa Oraba, Khamis anatengeneza gurudumu Keri. Nikisikia tu nakoroga. Wanawake wengine walipika, mimi nilikaa kwenye kigoda na plastiki zimefungwa miguuni, wali unaungua. Hakuwahi kulalamikia wali.

Mara ya mwisho alipeleka unga na sabuni Juba. Ukaja mtafaruku wa upande wa pili wa mpaka, watu wakamiminika huku na magodoro vichwani, lori lake halikuja. Simu yake ililia siku mbili tatu bila kupokewa, kisha ikawa hailii. Wengine wa msafara walirudi na kila mmoja ana lake. Mmoja alimwona, mwingine hakumwona, mwingine anasema lori liliungua lakini mtu hakuwemo. Mwili haukuletwa. Kaburi hakuna.

Majirani walikuja, kwa huruma, wakaniambia nikae eda. Unajua maana yake kwa miguu. Mwanamke aliyefiwa hapaki hina. Nyayo zake hubaki tupu, na akivua ndala kwenye mlango wa mtu, kila aliyekaa ndani anajua mumewe yuko chini ya udongo. Nikawaambia sijafiwa. Ijumaa ile nilipaka hina mpaka kwenye kifundo, nikaenda kwenye harusi nikakaa mbele. Nilisikia wanavyonong'ona. Na tangu siku hiyo sijawahi kuiacha ipauke ikaisha. Kila inapokaribia kuisha, naona ni kama mimi ndiye ninayemzika, kwa mikono yangu, bila kuona uso wake.

Hicho ndicho kilicho chini ya hina, mwanangu. Ulidhani ni urembo, na mimi nilikuacha udhani hivyo kwa sababu urembo ni aibu ndogo kuliko hii.

Baada ya Arua nilivumilia. Nakuapia nilivumilia. Niliona rangi inapauka kwenye vidole, kisha kwenye upinde wa mguu, nikavaa soksi kwenye joto hili nisijione. Kisha wiki iliyopita dereva mmoja akapita dukani kwa Asha, ametoka Yei, akasema, "Nimeona mutu kama Khamis kule kwa soko. Iko anatembea na fimbo." Asha alikuja anakimbia, mwanamke mwenye magoti mabovu yale, anakimbia. Hatukukwambia. Ulikuwa kazini siku zako za mwisho, unakabidhi. Tulikaa humu ndani sisi wawili tukilia na kucheka. Nikamwambia Asha, koroga. Akaniuliza, na daktari je? Nikamwambia koroga, daktari hana mume.

Nilisubiri siku ile, na iliyofuata. Nilipika wali, safari hii haukuungua. Dereva aliporudi tena tukamuuliza vizuri, jina, meno, kovu la shingoni. Hakuwa yeye. Alikuwa mzee mwingine tu mwenye fimbo.

Na asubuhi iliyofuata wewe ukasimama mlangoni na ndoo.

Nimekaa na lile swali lako tangu juzi. Sitakufa na miguu mizuri, Zena. Nimefikiri, huyu bwana akirudi kweli, akavuka Oraba, akafika mlangoni, atataka nini hasa? Hina ikimngojea bila mwenyewe kuwemo, atatazama miguu ya nani? Nilikuwa nimemtunzia rangi, nikasahau kumtunzia mke. Nimelia nilipofikiri hivyo, nikiwa napepeta mchele, na wewe ukapita ukadhani ni pumba.

Kwa hiyo fungua begi lako, chini kabisa, chini ya lile gauni la kijani usilolipenda. Utakuta mfuko umefungwa mara tatu. Hiyo ni hina yangu. Yote, pamoja na chupa za piko, koni na kile kibakuli cha bibi yako cha kukorogea. Sikubakiza hata ya kujaribu kwenye kucha. Maharusi wote wa mwezi huu nimemkabidhi Asha, na nimemwapisha kwamba hatanipaka hata nikimlilia, na unamjua Asha kwa viapo. Nenda nayo Kampala. Ikiwa nyumbani kwangu nitaipaka, najijua, siku dereva mwingine atakapomwona mzee mwingine. Usiitupe wala usimpe mtu. Itunze pasipo na unyevu.

Asha atanipeleka Arua rangi ikiisha. Nimemwambia anifunge kamba ikibidi. Wewe usirudi kwa ajili hiyo. Ukirudi, nafasi yako atapewa mwingine, na mimi nitabaki na mguu uleule na mtoto mwenye kinyongo.

Kila Ijumaa nitakutumia picha ya mguu. Nitakaa juani, nitaweka sarafu, ya karibu na ya mbali, bila kivuli. Utaiona rangi inavyoondoka na utakuwa daktari wa kwanza kujua imeisha. Lakini usije ukadhani umemwona mama yako. Unakumbuka mwaka wa kwanza wa unesi pale Arua, ulipokuwa unanitumia picha unacheka, umepaka mdomo, nyuma maua? Nikawaonyesha watu wote dukani, angalieni Zena alivyonawiri. Ukaja nyumbani Jumamosi, nikakukumbatia hapa uani, ulikuwa wa moto kama chungu. Malaria ya wiki nzima, na picha zilikuwa zinacheka. Mkono wangu ulijua kabla hujavua viatu. Sikulaumu picha, maana ilinisaidia kulala siku zile. Ila kuanzia kesho nitakuwa na picha tu, na mikono hii sijui nitaifanyia nini jioni.

Nitakukosa, mwanangu. Nasema wazi, maana nimechoka kupaka rangi juu ya mambo. Nitakosa ndala zako zinavyoburuza kabla ya alfajiri, na unavyoacha kikombe juu ya dirisha, na lile kovu la kiwiko ulipochomwa na mafuta ya mandazi, ambalo nikikupita nalibonyeza na wewe unasema, "Mama, wacha!" Hakuna atakayelibonyeza huko.

Kazini kwako, siku moja italetwa picha ya mguu wa mwanamke wa mbali, umefunikwa hina, na utachoka, na utataka kuandika kwamba picha haifai, arudie. Andika hivyo, ni kweli haifai. Ila mwombe yule aliyeipiga amuulize huyo mama hina ni ya nani. Na kama anaweza kufika, mwite, uuweke mguu wake juu ya goti lako kama yule kijana alivyofanya, na ukimuuliza mumewe yuko wapi, usiwe na haraka ya jibu. Mimi kama nisingeulizwa pale, nafikiri ningekuwa bado nakoroga.

Nasikia mbwa wa Asha wanabweka, bila shaka unarudi. Utaingia, utanikuta nakunja mkeka, tutasema salamu, chai, basi, kwa sababu hatuwezi kusema haya kwa mdomo, wewe wala mimi. Ukifika Kampala nipigie, nisikie unapumuaje.

Na baba yako akitangulia kufika kabla hujarudi na mfuko wangu, atasimama pale mlangoni, kofia mkononi, atazame chini aone nyayo tupu. Ataogopa. Ataniuliza, "Hawa, nani amekufa?" Nitamwambia aingie ndani akae, hakufa mtu.

Mama yako,
Hawa